Neno Nililotumwa kwa Mama Perusi

Asubuhi moja hivi karibuni nilifungua dirisha la chumba ninachoshonea, hapa Iringo, mjini Musoma, nikakuta ukingo wake umejaa kitu cheusi kama masizi. Walikuwa wale wadudu wadogo wa ziwani, wembamba kuliko mbu, ambao hupanda kutoka majini kwa wingi mpaka ukiwatazama kwa mbali unadhani ni moshi. Upepo ulikuwa umewaleta mjini. Wengi walikuwa wameshakufa, na harufu yao, ya samaki aliyelala na udongo uliolowa, iliingia ndani ikanikalisha chini.

Ninyi wa rika langu mliokulia kandokando ya ziwa mnaijua harufu hiyo. Mimi hunirudisha Mugango, kwa Bibi, kwenye kipindi cha utoto wangu ambacho kwa miaka mingi nilikisimulia vibaya, hata nilipokuwa nikijisimulia mwenyewe.

Wazazi wangu walikaa Nyamuswa, baba akifuga ng'ombe. Nilipofika miaka kama saba nilipelekwa Mugango kukaa na mama yake baba, kwa kuwa alikuwa peke yake na nyumba ilikuwa kubwa kuliko pumzi zake. Bibi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito ya kuongozea nyimbo. Kanisani yeye ndiye aliyekuwa mbele ya akina mama. Alikuwa mtu wa sala kwelikweli, lakini alikuwa pia mtu wa kinyongo. Jirani yetu, Mama Perusi, aliwahi kuacha mbuzi wake wakaingia kwenye mihogo yetu, wakatukanana, na tangu hapo hawakusemezana. Wakikutana njiani kila mmoja alitazama upande wake, kama watu wawili wanaotafuta kitu kilichopotea kwenye majani. Mwaka mzima ulipita hivyo. Sisi watoto hatukujali. Perusi, binti wa huyo mama, alikuwa wa umri wangu na tulicheza pamoja kila siku.

Jumamosi moja, nikiwa nimefika miaka tisa, Bibi alirudi kutoka ziwani na sufuria zake hazijaoshwa. Alikuwa amekwenda pale kwenye mawe makubwa ambako wanawake wa upande wetu walichota maji, akasimama juu ya jiwe, akamwona mamba chini yake, ametulia ndani ya maji kama gogo lililosahauliwa. Aliniita akanishika bega.

“Nyangeta, kimbia kwa Mama Perusi,” alisema. “Mwambie asishuke kwenye mawe leo, mamba yupo. Mwambie ni mimi nimesema.”

Maneno yale ya mwisho yalinishangaza, lakini mtoto hashangai kwa muda mrefu. Leo najua nilikuwa nimebebeshwa vitu viwili, onyo na amani, na vyote viwili nilivipoteza njiani.

Njia ilipita kwenye uwanja ambapo wasichana walikuwa wakiruka kamba. Perusi mwenyewe alikuwa ameshika ncha moja, anaizungusha. Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini waliponiona walinipa zamu, na mimi nilijisemea nitaruka mara moja tu. Habari za mamba tulikuwaga tunazisikia kila wiki, na kila wiki hapakuwa na kitu. Nikaruka. Nikaruka tena. Jua lilipanda, vumbi likatujaa miguuni, na lile neno likatulia ndani yangu kama vile nimeshalisema.

Sijui kilichonikumbusha. Nakumbuka tu kwamba ghafla nilitoka kwenye kamba nikakimbia bila kuaga. Nyumbani kwa Mama Perusi mlango ulikuwa wazi, chungu kiko jikoni kinachemka, na hapakuwa na mtu. Dumu la maji halikuwepo mahali pake. Nilishuka kwenye mawe.

Ziwa lilikuwa limenyooka kama shuka. Hapakuwa na damu wala mawimbi, wala sauti ya ndege. Dumu la njano lilikuwa linaelea hatua chache kutoka ukingoni, limesimama wima, linajizungusha polepole kama linalotazama huku na huku. Kandambili moja ilikuwa juu ya jiwe, na alama ya unyayo uliolowa kando yake ilikuwa inakauka huku naiangalia. Niliita, “Mama Perusi!” Mawe yale makubwa yalikuwa na tabia ya kurudisha sauti. Yakanirudishia sauti yangu, lakini imekuwa nzito, ya mtu mzima, na imekata mwanzo wa jina: “…rusi.” Nilisikia mama anamwita mtoto wake kutoka chini ya maji.

Nilikimbia. Na hapa ndipo pagumu kwangu kuandika. Sikukimbilia nyumbani, wala sikupiga yowe. Nilirudi uwanjani, nikasubiri zamu yangu, nikaingia kwenye kamba, nikaruka. Niliamini kwamba nikiendelea kuruka, siku itaendelea kuwa ya kawaida.

Waligundua mchana. Wanaume walizunguka na mitumbwi siku tatu na hawakupata kitu isipokuwa kipande cha kanga kwenye matete. Watu walikaa msiba bila mwili. Siku ya pili, baba yake Perusi aliuliza mbele ya watu wote kama hakuna aliyekuwa amemwona mnyama yule kabla. Mvuvi mmoja akasema kwamba asubuhi ya Jumamosi, akiwa anatoa nyavu, alimwona Bibi amesimama juu ya jiwe akitazama majini kwa muda mrefu.

Watu waligeuka kumtazama Bibi. Bibi akanitazama mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, nimeshika kidole cha mguu wangu, na nilisikia mkojo unanitoka. Alinitazama labda kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha akasimama.

“Nilimwona,” alisema. “Na Mama Perusi hakuambiwa.”

Baba yake Perusi alimuuliza kwa nini. Bibi akajibu kwamba wote wanajua kuwa walikuwa hawasemezani, akaketi. Hakusema neno la uongo, nimelipima jibu lake mara nyingi. Lakini kila mtu alisikia kile Bibi alichotaka wasikie, na wote waliamini, kwa sababu ugomvi wa mbuzi na mihogo ulijulikana kijiji kizima.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilihamishwa bila kuondolewa mahali pake. Hakuna aliyekuja kuomba moto wala chumvi. Wanawake wakimwona Bibi anashuka kuchota maji walisubiri mpaka apande. Kanisani aliambiwa aache nafasi yake ya mbele, naye akahamia benchi la mwisho karibu na mlango, akaimba kutoka huko, na wengine wakapunguza sauti ili wasichanganyike na yake. Akili yangu ya miaka tisa ilishindwa kuelewa. Nilisubiri aniadhibu, hakuniadhibu. Nilisubiri aniulize, hakuniuliza. Siku ya kwanza nilidhani amesahau kwamba alinituma. Baada ya wiki nilianza kuamini kwamba hakunituma. Baada ya mwezi nilikuwa na hakika kabisa: Bibi alimwona mamba akanyamaza, kama alivyosema mwenyewe.

Ndipo ule moshi ulipoanza kuonekana ziwani. Nguzo moja nyeusi, kisha mbili, kisha tano, zinapanda kutoka majini mahali pasipo na kisiwa wala chombo, zinainama pamoja na upepo. Wakubwa walijua ni wadudu. Perusi alikuwa na maelezo yake. Kila akitoka shule alisimama juu ya mawe, sare yake bado mwilini, akanyoosha kidole akaniambia kwa utulivu kwamba mama yake ameshawasha moto, anapika. Wakati mwingine alimwita, na mawe yakamjibu kwa ile sauti nzito. Perusi alitabasamu. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake, nimefumba macho, maana nilijua kwamba huyo anayepika huko chini anajua nani hakufikisha neno.

Siku moja moshi ulihama ukaja nchi kavu. Ilikuwa saa nne asubuhi na mwanga ulipotea kama jioni. Wadudu walituingia masikioni na puani, walifunika kuta zikawa nyeusi, zikawa zinatembea. Nililia kwamba Mama Perusi amekuja. Bibi alinifunika kwa kanga yake, akanikumbatia kwa nguvu, na kifuani mwake nilisikia moyo unaenda mbio kama wangu. Hakuniambia kwamba ni wadudu tu. Alisema, “Hakukujia wewe. Mimi niko.” Niliposikia hivyo niliogopa zaidi, kwa sababu nilielewa kwamba kweli kuna aliyekuja.

Siku chache baadaye, jua halijapanda sawasawa, niliamka nikakuta hayupo kitandani. Nilimfuata hadi ziwani. Alikuwa amepiga magoti pale pale, juu ya lile jiwe, mikono ameinyoosha juu ya maji, ukungu umemfika kiunoni kiasi kwamba alionekana kama mtu aliyekatwa akawekwa juu ya wingu. Alikuwa anazungumza. Nilijificha nyuma ya jiwe. Alisema kwa lugha yetu ya nyumbani, chini chini, na katikati ya maneno nilisikia jina langu. Nyangeta. Tena Nyangeta. Kisha akasema kwa Kiswahili, kama alivyokuwaga akisali kanisani, “Nimekuletea huyu. Mpokee.”

Alikuwa anaongea na ziwa. Hivyo ndivyo nilivyoona. Mamba alikuwa amekula mmoja, na Bibi alikuwa amemuahidi wa pili.

Sikulala nyumba ile tena. Nilikimbilia kwa mwalimu wetu, mwanamke aliyekuwa akikaa karibu na shule, nikamweleza kila kitu nilichosikia, isipokuwa kile nilichofanya. Yeye akamtumia baba habari. Baba alipofika nilirudia maneno yale mbele ya watu: Bibi ananitoa kwa mamba. Sauti yangu haikutetemeka. Baba alimtazama mama yake, akamuuliza kama ni kweli alitaja jina langu pale majini. Bibi akasema ni kweli. Akaombwa aeleze, naye akasema alikuwa anasali, na hakuongeza. Kama angeongeza angelazimika kusema alikuwa anasali kwa ajili ya nini.

Baba alinipandisha kwenye baiskeli siku ile ile. Sikugeuka kumtazama Bibi. Huko nyuma, maneno yangu yalifanya kazi yake. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke mwenye kinyongo; sasa alikuwa mchawi. Mbuzi wake walikutwa wamekatwa miguu. Kanisani hata lile benchi la mwisho aliachiwa peke yake. Aliishi hivyo miaka miwili, kisha akafariki, na sisi tulikwenda kuzika tukiwa wachache. Watu wa familia walitupa udongo mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nilificha mikono nyuma. Mama alinivuta pembeni, akasema mtoto ameogopa, mwacheni.

Nilikua. Nilijifunza kushona Bunda, nikaolewa, tukahamia Musoma. Bibi nilimsimulia mume wangu kama watu wanavyosimulia fisi waliyemponyoka. Kisha nikapata binti, na tukampeleka kanisani kubatizwa. Mchungaji alimchukua mikononi mwangu, akanyoosha mikono yake pamoja na mtoto juu ya maji ya ubatizo, akamtaja jina mara mbili, akasema, “Bwana, tumekuletea huyu. Mpokee.”

Wengine waliona mama mchanga analia kwa furaha. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jiwe, Mugango, na nilikuwa nasikia sala kwa mara ya kwanza. Mawe yalifunguka moja baada ya jingine. Alinituma. Alijua siku ile ile kwamba sikufika. Alinitazama pale msibani, akaona mkojo kwenye mkeka, akasimama akachukua mahali pangu. Na asubuhi ile alikwenda pale penye kosa langu akaniombea nipokelewe, mimi niliyekuwa nimejificha nikihesabu hatua za kukimbia.

Tangu siku hiyo sikuishiriki tena meza ya Bwana. Mkate ulipopitishwa nilitoka nje kama mtu anayebembeleza mtoto, na mtoto alipokua nilikaa nikainamisha kichwa. Niliambiwa na wahubiri wengi kwamba Mungu anasamehe. Sikubisha. Lakini niliyemkosea alikuwa amelala chini ya udongo ambao nilikataa kumtupia.

Mwaka jana nilijipa moyo nikaenda Mugango kusema ukweli mbele ya kanisa. Ziwa lilikuwa limepanda, na yale mawe yote yalikuwa yamezama; niliona tu maji ya kijani yakijikunja mahali yalipo. Mwinjilisti alikuwa kijana mpole. Alinisikiliza, kisha akauliza, “Bibi yupi, mama?” Akaita wazee wawili wa kanisa. Mmoja alikuwa amehamia kutoka Ukerewe. Mwingine alisema aliwahi kusikia kulikuwaga na mchawi upande ule, lakini jina halijui. Walinipa nafasi nizungumze ibadani. Nilisimama nikamtaja Bibi kwa jina lake, nikasema hakuwa mchawi, aliyefanya kosa ni mimi. Watu wakanitazama kwa huruma ya kumtazama mgeni. Hapakuwa na hata mmoja wa kurudisha alichomnyang'anya. Niliyasema maneno ya kweli katika nyumba yenye watu, na ilikuwa kama kusema katika nyumba tupu.

Alibaki mtu mmoja duniani ambaye ukweli ule ulimhusu, na mtu huyo nilikuwa namwona kila wiki. Perusi ana duka la vitenge hapa Iringo. Nanunua kwake, tunasali kanisa moja, watoto wetu wanaitana ndugu. Tulipokutana tena ukubwani alinikumbatia akasema sisi wawili ndio tulionusurika kutoka kwa yule bibi. Miaka yote hiyo nilimwacha aamini hivyo. Urafiki wetu ulisimama juu ya hilo.

Kwa hiyo siku ile ya wadudu niliacha dirisha wazi, nikaenda dukani kwake. Alikuwa anawafagia kutoka kwenye vitambaa. Nilimwambia nina neno nililotumwa, nimechelewa kulifikisha. Nikamwambia yote, kuanzia mkono wa Bibi begani kwangu mpaka kamba. Hakunikatiza. Alikuwa ameshika kitenge, anakikunja, anakikunjua.

“Nakumbuka ulitoka ukarudi,” alisema mwishowe. “Siku ile uliruka vizuri kuliko wote.”

Nilisema nisamehe. Akasema ngoja kwanza. Alikaa kwenye gunia la vitambaa, akatazama mlangoni ambako mwanga ulikuwa hafifu. Nilidhani atanifukuza. Alipoanza kusema hakuniangalia.

Alisema baada ya mimi kuondoka, alikuwa akimvizia Bibi kila Jumapili. Watoto wengine walirusha mawe na kukimbia. Yeye siku moja hakukimbia. Alimsubiri mlangoni mwa kanisa, na Bibi alipoinama kuvaa viatu, alimtemea mate usoni.

“Akajifuta kwa kanga,” alisema Perusi. “Akaniuliza kama nimekula.”

Alikikunja tena kile kitenge.

“Nikasema sijala. Tangu mama afe, Jumapili nyumbani hapakuwaga na mtu wa kupika. Akafungua kanga akatoa kiazi cha kuchemsha, bado cha moto kidogo. Akanipa. Nilimchukia, Nyangeta, nilimchukia mpaka leo asubuhi. Lakini nilikula. Na kila Jumapili alikuja na kiazi, na mimi nikala, na sikumwambia mtu, na sikusema asante hata mara moja.”

Hapo ndipo alipolia. Tulikaa wote wawili kwenye lile gunia, hatukushikana mikono, kila mmoja na mzigo wake, na mtu mmoja tu wa kuombwa msamaha, naye hayupo. Wateja wawili waliingia wakatuona, wakatoka. Sikumsikia Perusi akisema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Kuna siku ananiuzia kitambaa bila kuniangalia. Sina haki ya kumharakisha.

Lakini siku ile, nilipoinuka kuondoka, aliniuliza kwa nini huwa sishiriki meza ya Bwana. Kumbe alikuwa akiniona miaka yote. Nikamwambia sistahili. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge cha biashara.

“Kwani mimi nilistahili kile kiazi?” akasema.

Jumapili iliyofuata nilimkuta amekaa kwenye benchi la nyuma. Nilikaa upande wa pili wa benchi hilo hilo, katikati yetu pakiwa na nafasi ya mtu mmoja. Mkate ulipofika kwake alivunja, akala, kisha akasogeza sahani kwenye ile nafasi tupu mpaka ikanifikia. Niliupokea kwa mikono yote miwili. Sikujisikia msafi, wala hakuna sauti niliyoisikia. Nilikuwa na njaa tu, njaa ya zamani sana.

Nikala.